Limau, Sukari na Ramu: Dawa ya Mabaharia Iliyogeuka Kinywaji cha Mgahawani

Fungua orodha ya vinywaji ya mgahawa wowote mkubwa, iwe Nairobi, Dar es Salaam au London. Mahali fulani utakikuta kinywaji kilekile: pombe kali kidogo, maji ya limau, sukari na barafu. Majina yanabadilika kulingana na pombe iliyotumika, na bei nayo inabadilika kulingana na mtaa, lakini kanuni ni moja. Wataalamu wa baa wanakiita "sour", yaani kichachu, na kusema kweli unaweza kukitengeneza nyumbani kwa dakika tano. Tutafika huko, usijali.

Ila kabla hujashika kisu, kuna jambo la kujua kuhusu mchanganyiko huu. Zaidi ya miaka 200 iliyopita ulitolewa kama dawa, kwa amri, tena na jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani wakati huo. Uliokoa maelfu ya watu. Halafu jeshi hilohilo likasahau kwa nini dawa ilikuwa inafanya kazi, likabadilisha tunda moja kwa lingine, na watu wakaanza kuugua tena. Kosa lenyewe unaweza kulieleza kwa Kiswahili kwa maneno mawili tu: limau na ndimu.

Ugonjwa uliotisha kuliko mizinga

Ugonjwa wenyewe ni kiseyeye. Unaanza na uchovu usioelezeka. Kisha ufizi unavimba na kutoa damu, meno yanalegea, madoa ya damu yanatokea chini ya ngozi, na vidonda vilivyopona zamani vinafunguka upya. Mwishoni mtu anakufa, mara nyingi ghafla.

Leo tunajua sababu. Mwili unahitaji vitamini C ili kutengeneza kolajeni imara, ile protini inayoshikilia ngozi, ufizi, mifupa na kuta za mishipa ya damu. Wanyama wengi wanajitengenezea vitamini hiyo wenyewe. Sisi binadamu hatuwezi, kwa sababu jeni inayohusika na hatua ya mwisho ya kazi hiyo iliharibika kwa mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo lazima tuile. Sasa fikiria baharia aliyekaa miezi mitatu akila biskuti kavu na nyama ya chumvi tu. Mwili wake unaanza kuachana, kipande kwa kipande.

Pwani yetu imo katika historia hii tangu mapema. Mwezi Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa zikiwa zimebeba wagonjwa. Shajara ya safari hiyo inaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Hebu itazame tena orodha hiyo: ukiacha kondoo, ni vitu vya kutengenezea kinywaji chetu. Januari 1499, waliporudi kutoka India baada ya karibu miezi mitatu baharini, mabaharia wapatao 30 walikuwa wamekwisha kufa njiani. Walipotia nanga Malindi, nahodha wao alimtuma mtu nchi kavu kutafuta machungwa, maana wagonjwa walikuwa wanayatamani sana. Kwa wengi msaada ulichelewa.

Kwa hiyo mabaharia walikuwa na fununu. Walijua kwamba matunda machachu yanasaidia. Lakini fununu haina mwenyewe: mmoja anaijua, mwenzake haijui, na kizazi kinachofuata kinaanza upya. Mwaka 1740, karne mbili na nusu baada ya da Gama, Mwingereza George Anson aliondoka kuzunguka dunia akiwa na watu karibu 1,900. Zaidi ya 1,300 walikufa, wengi wao kwa kiseyeye. Waliouawa na adui walihesabika kwa vidole.

Wagonjwa 12, dawa sita

Tarehe 20 Mei 1747, daktari wa meli aitwaye James Lind, akiwa ndani ya manowari Salisbury, alifanya jambo ambalo leo linafundishwa vyuoni. Aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye waliokuwa na hali zinazofanana. Akawaweka sehemu moja, akawapa chakula kilekile, kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipata dawa yake: saida ya tofaa, matone ya tindikali ya salfuriki, siki, maji ya bahari, uji mzito wa vitunguu saumu na haradali, na jozi ya mwisho machungwa mawili na limau moja kwa siku.

Matunda yaliisha baada ya siku sita tu. Lakini kufikia hapo mmoja wa waliokula machungwa na limau alikuwa amerudi kazini, na mwenzake alikuwa na nafuu ya kutosha kupewa kazi ya kuwauguza wengine. Waliokunywa saida walipata nafuu kidogo. Waliobaki, hakuna kitu.

Angalia vizuri jaribio hili, maana lina jibu ambalo watu wengi hawakuliona. Siki ni chachu. Tindikali ya salfuriki ni chachu kupita kiasi. Zote mbili zilishindwa. Maana yake ni kwamba kilichoponya hakikuwa uchachu. Kilikuwa kitu kingine kilichomo ndani ya tunda.

Lind mwenyewe hakulifikisha wazo hilo mwisho. Kitabu chake cha 1753 kilijaa nadharia za unyevu, hewa mbaya na jasho lililozuiwa. Na kwa sababu matunda mabichi yanaoza melini, alipendekeza maji ya matunda yapashwe moto kwa saa nyingi mpaka yawe mazito kama shira, yawekwe kwenye chupa. Wazo zuri kwa kuhifadhi, baya kwa tiba. Vitamini C inaharibika kwa joto na hewa. Alichokiweka kwenye chupa kilikuwa kichachu kilekile, lakini sehemu kubwa ya dawa ilikuwa imetoweka.

Kokteli kwa amri ya serikali

Wakati huohuo ramu nayo ilikuwa inafuata njia yake. Mabaharia wa Uingereza huko Karibi walikuwa wakipewa ramu kavu kila siku, na ulevi ukawa tatizo. Tarehe 21 Agosti 1740, Admirali Edward Vernon alitoa amri: nusu painti ya ramu ya kila baharia ichanganywe na robo galoni ya maji, yaani sehemu moja ya ramu kwa sehemu nne za maji, na igawiwe mara mbili kwa siku. Akaongeza kwamba mabaharia wanaojibana wangeweza kununua sukari na ndimu ili kinywaji kiwe kitamu zaidi. Vernon alikuwa na mazoea ya kuvaa koti la kitambaa kizito kiitwacho grogram, mabaharia wakamwita "Old Grog", na kinywaji chake kikabaki na jina la grog.

Ramu, maji, tunda chachu, sukari. Kichwani mwa Vernon hakukuwa na tiba yoyote hapo. Alitaka tu watu wake wasianguke kutoka mlingotini.

Aliyeunganisha vipande hivi viwili ni daktari Gilbert Blane. Mwaka 1794 manowari Suffolk ilisafiri kwenda India kwa wiki 23 bila kupata chakula kibichi bandarini. Kila siku kila baharia alipewa maji ya limau karibu mililita 20 na aunsi mbili za sukari, vyote vikichanganywa ndani ya grog yake. Wachache walionyesha dalili za kiseyeye, wakaongezewa maji ya limau, wakapona. Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo.

Mwaka uliofuata, 1795, utaratibu huo ukakubaliwa kwa jeshi lote la majini. Matokeo yalionekana hospitalini. Haslar, hospitali kubwa ya wanamaji karibu na Portsmouth, ilipokea wagonjwa 1,457 wa kiseyeye mwaka 1780. Mwaka 1806 ilipokea wawili.

Wawili! Hiyo ndiyo kazi ya mililita chache za maji ya limau kwa siku. Na ni miaka 42 tangu kitabu cha Lind mpaka amri ya 1795, kwa hiyo we jiulize ni wangapi walizikwa baharini katikati hapo.

Limau sio ndimu

Hadithi ingeweza kuishia hapo, watu wakanywa na kufurahi. Haikuishia hapo.

Malimau ya jeshi yalitoka maeneo ya Mediterania, hasa Sicily na Malta. Lakini kuanzia miaka ya 1860 Uingereza ilihamia kwenye ndimu kutoka makoloni yake ya Karibi. Ilikuwa na sababu za kibiashara: mashamba yalikuwa ya Waingereza wenyewe. Na ilionekana ina sababu za kisayansi pia. Madaktari wengi waliamini kwamba kinachotibu ni asidi. Ndimu ni kali kama limau au zaidi, kwa hiyo shida iko wapi?

Lugha nayo ikasaidia kuficha kosa. Kwa Kiingereza cha wakati huo, maneno "lemon" na "lime", ambayo asili yake ni shina moja la Kiarabu, yalichanganywa hovyo. Maji ya limau yalikuwa yakiitwa "lime juice" katika barua na hata katika ripoti rasmi. Kwa hiyo tunda lilipobadilika, jina kwenye pipa halikubadilika. Mtu aliyesoma ripoti za zamani aliona "lime juice" imeponya jeshi zima, akatazama chupa yake mpya, akaona imeandikwa "lime juice", akaridhika.

Kulikuwa na tatizo la tatu: chupa yenyewe. Maji ya ndimu yaliachwa yatuame, yakapitishwa kwenye mabomba ya shaba, yakakaa ghalani muda mrefu. Shaba inaharakisha sana kuungana kwa vitamini C na oksijeni. Yalipofika mdomoni mwa baharia, yalikuwa machachu sana na yenye dawa kidogo mno.

Kwa nini hakuna aliyegundua? Kwa sababu ya moshi. Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Baharia alifika bandarini na kula viazi na mboga kabla kiseyeye hakijaanza. Dawa iliyokufa haikujaribiwa.

Ilijaribiwa kwenye barafu. Mwaka 1875 George Nares aliongoza meli mbili, Alert na Discovery, kuelekea Ncha ya Kaskazini, zikiwa na shehena ya maji ya ndimu. Mwaka uliofuata kiseyeye kiliwaangusha watu waliokuwa wakivuta sleji. Wengine walirudishwa wamelazwa juu ya sleji zilezile. Msafara ukarudi nyumbani mapema, na uchunguzi wa 1877 ukamlaumu Nares kwa kutowapa watu wa sleji maji ya ndimu. Hakuna aliyewaza kwamba hata wangepewa, yasingewafaa sana.

Sasa tazama hatari ilipofika. Kwa kuwa "lime juice" imeshindwa, baadhi ya wataalamu walihitimisha kwamba nadharia nzima ya matunda ni uongo. Wakasema kiseyeye kinatokana na sumu ya nyama iliyoanza kuharibika makoponi. Karne ya 20 inaanza, kuna simu, kuna eksirei, na msafara wa Robert Falcon Scott wa 1901 hadi 1904 kule Antaktika unapata kiseyeye. Nyumba zilikuwa na taa za umeme, na jambo ambalo baharia wa 1795 alilipata kila siku kikombeni mwake lilikuwa limepotea.

Simbilisi na mwanahistoria

Jibu lilirudi kwa bahati, kupitia simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa wanaofanana na sungura asiye na masikio marefu. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, watafiti wa Norway, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakichunguza ugonjwa mwingine. Simbilisi wakapata kiseyeye. Ilikuwa bahati kweli, maana simbilisi, kama sisi, hawawezi kujitengenezea vitamini C. Wangetumia panya, wasingeona kitu. Sasa kulikuwa na njia ya kupima chakula chochote: mpe simbilisi, subiri, tazama.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kiseyeye kiliwapata wanajeshi wa Uingereza na India kule Mesopotamia. Harriette Chick na wenzake katika Taasisi ya Lister, London, wakaamua kupima matunda yenyewe. Mwaka 1918 walitoa matokeo: maji mabichi ya ndimu walizozipima yalikuwa na karibu robo tu ya nguvu ya maji mabichi ya limau. Yale ya ndimu yaliyohifadhiwa yalikuwa hayana faida yoyote ya maana.

Mwenzao, Alice Henderson Smith, alifanya kazi ya aina nyingine. Aliingia kwenye nyaraka za zamani na kufuatilia manunuzi: tunda lilitoka wapi, lini, na lilikuwa tunda gani. Mwaka 1919 alichapisha jibu. "Lime juice" iliyosafisha kiseyeye jeshini ilikuwa maji ya limau. Iliyoshindwa kwenye barafu ilikuwa ya ndimu. Maabara ilionyesha kuna tofauti. Historia ilionyesha kosa liliingia mlango gani.

Miaka michache baadaye, 1928, Albert Szent-Györgyi alitenga kemikali ambayo mwaka 1932 ilithibitishwa kuwa ndiyo vitamini C. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Majedwali ya lishe ya leo yanaonyesha pengo dogo zaidi kati ya matunda haya mawili: maji ya limau yana kama miligramu 39 za vitamini C kwa gramu 100, ya ndimu kama 30. Kwa hiyo usiikimbie ndimu ya sokoni. Kilichoua watu ni mchanganyiko wa tunda dhaifu zaidi, utunzaji mbaya na imani kwamba uchachu ndio dawa.

Sasa tuingie jikoni

Wakati jeshi linabadilisha tunda, kinywaji chenyewe kilikuwa kimeshuka nchi kavu. Mwaka 1862 mhudumu wa baa wa Marekani, Jerry Thomas, alichapisha kitabu cha kuchanganya vinywaji, na ndani yake kuna kundi la "sour": pombe, maji ya limau, sukari. Grog ya Suffolk, ila glasi ni safi na hakuna anayekulazimisha.

Kwa glasi moja unahitaji mililita 50 za pombe kali (ramu, wiski, au konyagi ukipenda), mililita 25 za maji ya limau, na mililita 20 za shira. Shira ni sukari na maji kwa vipimo sawa, vikorogwe mpaka sukari iyeyuke. Usitumie sukari kavu moja kwa moja. Kwenye baridi haiyeyuki vizuri, itabaki chini ya glasi.

Kamua limau muda huohuo unapotaka kunywa. Hapo ndipo nyumbani unaweza kuushinda mgahawa unaotumia maji ya chupa. Harufu ya limau inatoka kwenye mafuta ya ganda na kwenye kemikali nyepesi zinazoruka au kubadilika haraka zikikutana na hewa. Yaani kilichoharibu dawa ya Nares ndicho kinachoharibu ladha ya kokteli: joto, hewa na kusubiri.

Weka vyote kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko unaobana, jaza barafu, tikisa kwa nguvu kama sekunde 15. Usiogope barafu kuyeyuka. Inapoyeyuka ndipo inapovuta joto kutoka kwenye kinywaji, na maji yake yanalainisha ukali. Maji ni kiungo, kama Vernon alivyoamuru. Chuja kwenye glasi. Kisha kata kipande chembamba cha ganda la limau, likunje juu ya glasi ili mafuta yake yaruke, na ulitumbukize. Ukitaka lile povu jeupe la mgahawani, tikisa kwanza na ute wa yai moja bila barafu, kisha rudia na barafu. Protini za ute zinakunjuka na kunasa hewa. Mayai yawe mabichi ya siku hiyo, na ukiwa mjamzito au una kinga dhaifu acha kabisa.

Hunywi pombe? Ondoa pombe, ongeza limau mpaka mililita 30 na shira kidogo, tikisa vilevile, malizia na maji ya soda baridi. Tiba haikuwahi kuwa ndani ya ramu.

Halafu fanya hesabu hii ukiwa na glasi mkononi. Mililita 25 za maji ya limau mabichi zina karibu miligramu 10 za vitamini C. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jaribio la watu waliojitolea mjini Sheffield lilionyesha kwamba miligramu 10 kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye. Glasi moja, dozi moja. Bila shaka kuna njia bora za kuipata: pera moja lina vitamini C nyingi mara kadhaa kuliko glasi yako, na halina kilevi.

Ila ukiwatengenezea marafiki, na mmoja akasema "ndimu au limau si yaleyale tu", unayo ya kumjibu. Mwambie kuna jeshi zima liliwahi kufikiri hivyo.